Davis Cup 2025 kutoka Kisumu: uzoefu wangu wa msimu mzima

Nianze na uamuzi wangu. Ukipenda tenisi na ukiwa na uwezo wa kulipia huduma ya kutazama michezo kwenye simu au runinga, lipia Davis Cup. Nimeufuata msimu wa 2025 hapa Kisumu, kuanzia mechi za mchujo hadi fainali ya Bologna, Italia, na sijutii pesa yangu. Yapo yaliyonikera na nitayataja, lakini mchezo wenyewe haukuniangusha.

Kwa ambaye hajawahi kuyafuatilia, haya ni mashindano ya mataifa kwa wanaume, na yalianza 1900 Marekani ilipokutana na timu ya Visiwa vya Uingereza kule Boston. Katika tenisi ya kila wiki, kila mtu hujipigania na pesa huingia mfukoni mwake. Hapa mchezaji anavaa rangi za nchi, nahodha yuko naye kando ya korti akimpa maneno kila wanapobadilisha upande, na wenzake wamesimama kwenye benchi wakipiga makofi kila pointi. Nimeona wachezaji wa kawaida kabisa wakigeuka simba kwa sababu ya hilo tu.

Kilichonivutia zaidi mwaka huo ni kwamba raundi zote mbili za mchujo zilichezwa nyumbani kwa timu mojawapo, kila pambano la nchi mbili likiwa na mechi tano kwa siku mbili. Miaka iliyotangulia hatua ya makundi ilipangwa katika miji michache, na timu mbili za kigeni zingeweza kucheza mbele ya viti vitupu. Ukicheza nyumbani, uwanja unajaa na kelele inakuwa ile ya mashemeji dabi ya soka, Gor Mahia na AFC Leopards (Ingwe).

Raundi ya Septemba ndiyo bora ya msimu mzima, na naisema hivyo nikijua wengi walitazama Bologna pekee. Ubelgiji walisafiri hadi Sydney, Raphaël Collignon akamfunga Alex de Minaur mbele ya watu wake, na Australia wakatolewa 3-2. Wamarekani nao walikuwa kwao Delray Beach wakiwa na Taylor Fritz na Frances Tiafoe, na bado Wacheki waliondoka na ushindi wa 3-2. Kisha Uhispania, bila nyota wao Carlos Alcaraz, wako nyuma 0-2 dhidi ya Denmark pale Marbella. Walishinda mechi tatu mfululizo. Nililala usiku wa manane siku hiyo na asubuhi bado nilikuwa nikizisimulia ofisini kwa watu ambao hata hawajui seti ni nini.

Mnamo Februari kulikuwa na tukio baya, na ni haki kulitaja. Ubelgiji walikuwa wenyeji wa Chile, na Zizou Bergs wa Ubelgiji alivunja sevu ya Cristian Garín, yaani alishinda gemu ambayo Garín ndiye aliyekuwa akianzisha mpira, akawa mbele 6-5 katika seti ya tatu, ya mwisho. Akaruka kwa furaha akikimbilia kiti chake, akamgonga Garín usoni kwa bega. Garín alianguka. Daktari alisema anaweza kuendelea, yeye akakataa kurudi, akaadhibiwa kwa kuchelewa hadi gemu ikaisha na mechi ikaenda kwa Bergs. Sikubaliani na uamuzi ule mpaka leo. Haikuwa makusudi, lakini aliyeumizwa ndiye aliyelipa.

Nalitaja tukio hilo kwa sababu Bergs huyohuyo ndiye aliyenipa mechi ya mwaka. Nusu fainali kule Bologna, ambako pambano ni mechi tatu badala ya tano: Ijumaa tarehe 21 Novemba, Italia na Ubelgiji. Matteo Berrettini alishamaliza kazi yake kwa Collignon, 6-3, 6-4. Akaingia Flavio Cobolli dhidi ya Bergs. Cobolli alichukua seti ya kwanza, Bergs ya pili kwa taibreki (gemu ya kuamua seti ikiwa sare 6-6, anayefika pointi 7 kwa tofauti ya mbili anashinda), na ya tatu nayo ikafika taibreki. Ikaenda 6-6, ikaenda 10-10, haikuisha. Bergs alikuwa na pointi 7 za kumaliza mechi na Cobolli akazizima zote. Patashika! Shemeji yangu aliye Kakamega alikuwa akifuata matokeo ya maandishi, na ujumbe wake ulinifikia kabla ya picha: "Shemeji, amechomoka tena!" Nilizima data ya WhatsApp, nikabaki na mchezo wangu. Mwishowe 17-15, Cobolli akaichana jezi yake vipande, uwanja wote ukilipuka, halafu akaenda kumfariji Bergs aliyekuwa akilia. Mechi ilichukua zaidi ya saa tatu. Hakuna fainali ya Grand Slam, yale mashindano makubwa manne ya tenisi, niliyoiona mwaka huo iliyonishika koo namna ile.

Siku iliyofuata Uhispania waliwatoa Ujerumani, na mechi ya wawili wawili ndiyo iliyoamua: Marcel Granollers na Pedro Martínez waliwashinda Kevin Krawietz na Tim Pütz. Ndiyo maana nawasihi makocha wa vijana huku kwetu wasiidharau mechi ya wawili wawili. Angella Okutoyi wetu alitwaa Wimbledon ya wasichana 2022 katika mchezo huohuo.

Fainali nilienda kuitazama kwenye mgahawa mmoja wenye runinga kubwa hapa mjini. Berrettini alimshinda Pablo Carreño Busta 6-3, 6-4; hakupoteza seti hata moja Bologna. Cobolli akachapwa 1-6 na Jaume Munar katika seti ya kwanza. Mechi ikiwa moto, Arsenal na Tottenham zikaingia uwanjani, na mwenye mgahawa akabadilisha chaneli. Namwelewa, wateja wake walikuja kwa hilo. Nikatoa simu, nikajibanza kona yenye soketi, nikamalizia hapo: Cobolli akapindua 7-6, 7-5, na Italia ikatwaa kombe mara ya tatu mfululizo, safari hii bila nyota wao Jannik Sinner. Nchi ya mwisho kufanya hivyo ilikuwa Marekani, 1968 hadi 1972.

Sasa malalamiko. Italia walikuwa mabingwa na wenyeji, kwa hiyo waliingia robo fainali moja kwa moja na kucheza mapambano matatu tu, yote mbele ya mashabiki wao. Kombe walilistahili kwa jinsi walivyopigana, lakini mpango wenyewe haunifurahishi, na Italia ndiyo itakayoandaa hadi 2027. Pia natamani mechi za hadi seti tano zirudi badala ya tatu, angalau katika fainali.

Huduma niliyolipia ilikuwa na picha nzuri kwa bando la kawaida, ila ilichelewa nyuma ya matokeo halisi, na mara mbili iliganda katikati ya gemu. Stima ikipotea, hakikisha simu ina chaji na bando la kutosha, kwa sababu pambano moja linaweza kula jioni nzima. Saa zinatufaa: Bologna wako nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa Novemba, hivyo mechi zao za alasiri ni jioni yetu baada ya kazi. Zile za Sydney ni alfajiri, jiandae. Watangazaji ni wa Kiingereza tu. Ningelipa zaidi nikisikia mechi kama ile ya Cobolli ikitangazwa kwa Kiswahili na mtu anayeujua mchezo.

Ushauri wa pesa: usilipie mwaka mzima kwa ajili ya Davis Cup. Msimu una madirisha matatu tu, mwisho wa Januari hadi Februari mwanzoni, Septemba, na Novemba. Lipia miezi hiyo, na ukibanwa ukalazimika kuchagua mmoja, chagua Septemba.

Kenya bado iko kwenye makundi ya chini ya Afrika, mbali sana na Bologna. Paul Wekesa aliichezea nchi hii Davis Cup na akatwaa mataji ya wawili wawili kwenye ziara ya ATP, yaani mashindano ya kulipwa ya wanaume, kwa hiyo kipaji kimewahi kutoka hapa. Tukipata pambano la nyumbani, nitapanda matatu hadi Nairobi kununua tiketi badala ya bando.