Feni ya maji kwa joto la Dodoma, uzoefu wangu kabla hujakimbilia AC

Wadau wa Dodoma, na nyie mnaohamia huku kikazi, hii ni kwa anayetaka kupooza nyumba bila Luku kummaliza. Mi nakaa Nzuguni, nyumba ya bati, sebule inaangalia magharibi kwaiyo jua la saa tisa linaingia lote. Natumia feni ya maji, ile yenye tangi chini na pampu ndogo ndani, na msimamo wangu ni kwamba kwa hali ya hewa ya huku ndo kitu cha kwanza kufikiria, AC ije baadae kama bado kuna haja.

Sababu ni ukavu. Septemba mpaka Novemba, kabla mvua hazijaanza, midomo inapasuka na nguo unaanika saa nne saa tano unaanua. Hewa kavu namna hiyo ina kiu, feni ikiipuliza kupita kwenye zile pad zilizolowa (vipande vyenye matundu vinavyonyonya maji ya tangi), maji yanakauka na yakikauka yanaondoka na joto, ni kazi ileile ya mtungi wa udongo unaotoa jasho na maji ndani yanabaki ya baridi. Shemeji yangu wa Dar alitaka nimnunulie na yeye, nikamwambia shem hela yako weka, hewa ya pwani imeshajaa unyevu, maji hayakauki, utajiongezea fukuto tu.

Sasa umeme. Ya kwangu nyuma imeandikwa wati 100, ukiiwasha masaa nane ni uniti 0.8, na kwa bei ya kawaida ya 356 kwa uniti pamoja na kodi ni kama shilingi 285. AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu yake ya kupooza) ikifanya kazi kwa nguvu zote inavuta karibu wati 1,000, masaa hayohayo nane ni uniti nane, yani shilingi 2,850 kwa siku, zidisha kwa mwezi mwenyewe. Na kama upo kwenye ile tarifu (kundi la bei ya umeme) ya chini ya uniti 75 kwa mwezi ndo kabisa, 75 ukigawa kwa siku 30 unapata uniti mbili na nusu kwa siku, AC itazimaliza zote 75 hata wiki mbili hazijafika na ukivuka hapo bei ya uniti inaruka kutoka 100 hadi 350 kabla ya kodi. Asiyeamini aangalie kile kitaa chekundu cha kwenye mita, feni ya maji ikiwaka kinapepesa taratibu, ukiwasha AC kinapepesa mpaka huwezi kuhesabu.

Najua mtu atasema kuna AC za inveta. Ni kweli na ni nzuri, kompresa yake haizimi na kuwaka, inapunguza mwendo chumba kikishapoa. Lakini chumba kipoe kwanza! Kama juu ni bati tupu au siling bodi imeachwa matundu, joto linashuka mchana kutwa na inveta yako haipati nafasi ya kupunguza mwendo hata kidogo, inakula kama zile za zamani. Ndo maana kabla ya kununua chochote angalia paa. Wazee wa Kigogo na tembe zao walilimaliza hili, paa la udongo mnene, nje jua linachoma ukiingia ndani unakuta ubaridi. Mi niliziba siling vizuri, nikaweka mapazia mazito upande wa magharibi na nje kuna mwarobaini umeshakuwa mkubwa, hayo peke yake yamesaidia sana na hayali uniti hata moja.

Matumizi yake sasa. Feni ya maji haitaki ufunge nyumba kama AC, lazima dirisha la upande wa pili liwe wazi ile hewa yenye unyevu itoke, ukifunga kila kitu baada ya nusu saa chumba kinakuwa kizito na hupati ubaridi wowote. Afu hii habari ya kujaza barafu kwenye tangi watu wanaipenda sana ila faida yake ndogo, kilo moja ya maji ikikauka inachukua joto mara saba hivi ya linalochukuliwa na kilo moja ya barafu ikiyeyuka, kwaiyo kinachopooza ni ule ukavu wa hewa.

Kero zipo. Inakunywa maji, mchana mkavu lita tatu nne kwa saa zinaenda, na kwa mtaa wenye mgao hiyo si kitu kidogo, lazima uwe na simtanki. Maji yetu mengi ya visima yana chumvi, pad zinaota ukoko mweupe mgumu, ukiuachia matundu yanaziba na upepo unakuwa hafifu. Mi nazichomoa, naziloweka kwenye maji yenye siki, nasugua kwa brashi laini, na maji ya tangi namwaga yote badala ya kuongezea juu ya yale ya zamani. Vumbi nalo ndo usiseme, ule upepo wa hapa unaujua. Mwendo wa tatu una kelele, kama mnaangalia taarifa ya habari wekeni namba moja.

Mvua zikianza Desemba nazima pampu inabaki feni ya kawaida, inatosha. Usiku pia siihitaji sana, Dodoma ipo juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, jua likizama hewa inapoa, fungua madirisha yenye wavu ulale.

Mwenye pumu au mtoto anayesumbuliwa na kifua, huyo nisingemshauri dirisha wazi na vumbi hili, achukue inveta ya BTU 9,000 kwa chumba cha kulala kimoja kilichozibwa vizuri. Wengine mkienda dukani mwambieni muuzaji aiwashe feni ikiwa na maji, shika pad kwa juu uone kama zinalowa zote mpaka pembeni, na muulize pad za akiba anazo, kama hana nenda duka lingine.