Jina kwenye posta au medali ya dhahabu ya Bunge?

Nchini Marekani, ofisi ya mbunge inayotaka kumuenzi mwanajeshi aliyeumia au kufa kazini huwa na njia mbili kubwa: kulipa jengo la posta jina lake, au kumpa medali ya dhahabu ya Bunge, tuzo ya heshima kuu ya Bunge. Zote ni sheria kamili: hupita mabaraza mawili ya Bunge (Wawakilishi na Seneti), kisha Rais hutia saini.

Posta ndiyo nyepesi. Mswada ni sentensi chache tu: anwani ya jengo na jina jipya. Kwa desturi, wawakilishi wote wa jimbo husika huweka majina yao kwenye mswada, na maseneta wote wawili wa jimbo huuunga mkono. Mmoja akisita, mswada hukwama kwenye kamati. Hakikisha kwanza jengo halijapewa jina tayari, na cheo na tahajia vimethibitishwa na familia, kwani kosa likishakuwa sheria hurekebishwa kwa sheria nyingine. Kinachobaki ni kibao ukutani. Anwani ya barua haibadiliki. Kamati ya Seneti kwa kawaida hukataa majina ya walio hai, ila maveterani waliojeruhiwa wameruhusiwa. Kwa majeruhi, hilo ni jambo kubwa.

Medali inadai mengi zaidi: kwa desturi, wawakilishi 290 na maseneta 67 waunge mkono kabla kamati haijaigusa. Kisha kuna usanifu na utengenezaji. Kwa mfano, wanajeshi 13 wa Marekani waliouawa Kabul, Afghanistan, tarehe 26 Agosti 2021 walipata sheria ya medali yao Desemba mwaka huohuo. Hafla ya kukabidhi medali ilifanyika Septemba 2024.

Kwa askari mmoja, anzeni na posta ya mtaani kwao.