BMW R80 G/S Nairobi: nduthi ya zamani inayotaka mkono wako mwenyewe

Niseme mapema, hii nduthi naipenda na sitaficha. R80 G/S ilitoka 1980 ikatengenezwa mpaka 1987, silinda ni mbili zimetokeza nje huku na huku, cc karibu 800, na inapozwa na upepo tu, hakuna redieta, hakuna pampu ya maji, hakuna paipu ya kukupasukia ukiwa mbali huko Kajiado. Ndugu zake wa mashindano ndio walibeba zile mbio za jangwani za Paris-Dakar 1981 na 1983 na Hubert Auriol, halafu 1984 na 1985 na Gaston Rahier, kwa hivyo ugumu wake hauna mjadala. Mtu wa Nairobi anataka kujua kitu kimoja, nani ataifanyia sevisi?

Ni wewe. Na hapo ndipo hii mashine inapita nyingi za siku hizi, kwa sababu walioiunda waliweka kila kitu mahali mkono unafika. Chukua kuseti tapeti, ile nafasi ndogo ya vali. Nduthi zingine unatoa kiti, unatoa tangi, unatoa sijui nini, hapa unavuta stuli unakaa kando ya silinda, unafungua kifuniko, vali hizo hapo zinakuangalia. Injini iwe baridi kabisa, mimi hufanya asubuhi kabla ya chai, toa plagi, weka gia ya juu, zungusha gurudumu la nyuma polepole ukichungulia kwa kile kitundu cha pembeni mpaka alama ya OT, ile ya kuonyesha pistoni imefika mwisho, ikae katikati. Silinda ambayo tapeti zake zote mbili zinacheza ndiyo unaseti, halafu zungusha injini raundi moja nzima upate ile ingine. Nafasi yenyewe ni sehemu moja au mbili za kumi za milimita, egzosti inataka kubwa kuliko inleti, fuata kitabu cha mwaka wa nduthi yako. Fundi wa boda anayejua tapeti za Bajaj Boxer ataelewa haraka, lakini mwambie atumie fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, asipime na sikio.

Oili ni 20W-50 ya kawaida, petroli stesheni yoyote iko, lita mbili na nusu ukibadilisha na filta. Sasa kwa filta tafadhali tulia. Kuna oringi moja nyeupe inakaa kati ya mkebe wa filta na kifuniko, na lazima ibanwe sawasawa, ikikaa vibaya au isipobanwa vizuri presha ya oili inapotelea ndani kwa ndani na kurudi kwa sampu, ile bakuli ya oili chini ya injini, chini hauoni hata tone, na injini inajisaga hivyo hivyo. Hii oringi imeua injini nzima za watu, kwa hivyo yule fundi wa haraka haraka anayekuambia "hii ya zamani bado iko poa bosi" asiiguse. Pia usifungue kifuniko cha mbele cha injini kabla ya kutoa waya wa betri, daiodi za kuchaji ziko hapo nyuma yake na zina moto wa betri wakati wote, spana ikigusa vibaya umejinunulia kazi.

Nairobi tuko juu, mita zaidi ya 1,700, hewa ni nyepesi na petroli inakuwa nyingi kidogo kuliko hewa, plagi zikitoka nyeusi usishtuke sana. Kabureta za Bing zinavumilia hali hiyo vizuri lakini kila upande una raba nyembamba ndani, ishikilie kwa mwanga uangalie tundu, ikitoboka upande mmoja unakosa nguvu na utazunguka kwa mafundi wakibadilisha plagi bure.

Shida yake kubwa hapa ni jamu. Bila upepo inachemka, Mombasa Road ikisimama zima tu injini, na usidhani utapenya katikati ya matatu kama boda, zile silinda ni pana. Alteneta nayo ni wati 280 na injini ikiwa inanguruma chini chini haichaji vizuri, ukiongeza taa kubwa za mbele betri ndiyo italia. Breki ya nyuma ni dramu, inatosha. Gurudumu la nyuma linashikwa upande mmoja tu kama la gari, ndani ni tyubu, kwa hivyo pancha inazibwa popote.

Spea zake hapa ni kutafuta. Beringi na sili nenda na namba Kirinyaga Road, mengine unaagiza Uingereza kwa wauza spea za BMW za zamani kama Motorworks, na upige hesabu ya ushuru kabla ya kulipa.

Naipa nyota nne na nusu, ile nusu imeenda na kuchaji. Kama wewe ni mtu wa kuacha nduthi gereji na kurudi jioni usinunue. Kama unanunua, ikute ikiwa baridi uiwashe mwenyewe, chungulia kutu ndani ya tangi, angalia ile raba ya propela, shafti inayozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni, kama imepasuka na inavuja, halafu muulize mwenyewe mara ya mwisho giaboksi ilisukumwa nyuma lini ili splaini ya klachi, yale meno inapoteleza, ipakwe grisi, akikosa jibu shusha bei.