Laser ya mtumba na trela lake: uzoefu wangu hapa Kigoma

Boti yenyewe sina neno nayo, naipita haraka. Ni Laser, boti ndogo ya tanga ya mashindano, iliyotumika, niliyoinunua Dar pamoja na trela, ikavutwa na pikapu kupitia Dodoma na Tabora mpaka huku mwisho wa reli. Urefu mita 4.23, bodi tupu kilo 59 hivi, tanga moja la mita za mraba 7.06, baharia mmoja. Imekuwa ikishindaniwa kwenye Olimpiki tangu 1996, na utamu wake ni kwamba zote zinafanana: ukiachwa nyuma huna wa kumsingizia. Sisi tunaoshindana hapa ni wachache, tunazunguka madumu yaliyotiwa nanga nje ya Bangwe. Kusi likivuma vizuri unajilaza nje ya ukingo, demani, kamba ya kuongozea tanga, mkononi, na ukipiga bisha, yaani kwenda kwa kukatakata dhidi ya upepo, boti inapanda upepo kwa namna inayowafanya wavuvi wa Katonga wageuze shingo. Nyota tano.

Trela ndilo lenye maneno.

Kwanza lilikuja na rola mbili za mpira katikati, chini ya tumbo la boti. Hizo zinafaa boti nzito ya mbao. Laser ni fiba nyembamba. Ikidundadunda juu ya rola inabonyea, na boti ya mashindano yenye tumbo lililobonyea haiendi. Fundi wa kuchomelea pale Mwanga alinikatia vyuma viwili vya kukingama, nikavivika zulia kuukuu, sasa boti inakalia kingo zake. Kazi safi, na bei haikuniumiza.

Halafu beringi. Huku utaambiwa maji ya Tanganyika hayana chumvi, kwa hiyo chuma hakina shida. Si kweli hata kidogo. Habu, kitovu cha gurudumu kinachokaliwa na beringi, ikitoka barabarani ina moto. Ukilirudisha trela majini papo hapo, hewa iliyomo ndani inapoa ghafla, inasinyaa, na kuvuta maji yapite kwenye sili, ule mpira wa kuzuia maji. Grisi inageuka kama maziwa, na beringi inaota kutu trela likiwa limeegeshwa tu nyumbani. Mimi nikifika mwaloni nasimamisha mlingoti kwanza, nafunga tanga na usukani. Mpaka nimalize, habu haiunguzi kiganja. Vijana wakiwepo, tunaibeba boti mikononi na trela haliguswi na maji kabisa. Hiyo ndiyo njia bora.

Kabla ya msimu wa kusi nazitoa beringi, naziosha kwa mafuta ya taa, nazikausha, kisha nasukumiza grisi ya kuhimili maji kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili. Sili ni mpya kila mara, usibane pesa hapo. Nati ya katikati kaza huku ukizungusha gurudumu, ilegeze kidogo, ndipo utie pini. Mafundi wengi wa magereji hukaza mpaka mwisho wakidhani wanakusaidia. Beringi ya namna hiyo itaungua kabla hujaiona Uvinza. Namba imechorwa kwenye beringi yenyewe. Zangu ni L44649 na kikombe chake L44610, na duka la vipuri likipewa namba halikusumbui, ukipeleka maelezo ya mdomo utazungushwa siku nzima.

Tairi nazo zilikuwa na kashata nzuri, lakini ubavuni zimepasukapasuka kwa jua. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Nilizibadilisha zote. Taa hazikuwaka hata moja, nyaya zilikuwa zimeliwa na kutu, jambo la nusu saa kwa fundi umeme.

Trela nyota mbili kama lilivyouzwa, nne baada ya marekebisho. Anayetaka kununua seti kama hii amwambie muuzaji alinyanyue trela kwa jeki, kisha azungushe kila gurudumu kwa mkono. Likikwaruza, punguza bei palepale.