Semple Stadium, Thurles: nenda kwa treni

Kila anayeniuliza kuhusu uwanja huu namwambia aende kwa treni. Tom Semple mwenyewe, mchezaji wa zamani ambaye uwanja una jina lake, alikuwa gadi wa treni. Kutoka kituo cha Heuston, Dublin, ni mwendo wa saa moja na robo hivi. Ukishuka Thurles fuata tu jezi za buluu na dhahabu, uwanja hauko mbali.

Mwanangu ana miaka tisa, ameanza hurling shuleni, ule mchezo wa Ireland wa fimbo na mpira mdogo, nami nilitaka auone mchezo huu mahali unapoheshimiwa. Tulienda kutazama timu za kaunti za Tipperary na Cork, ubingwa wa jimbo la Munster. Tiketi zetu zilikuwa za Killinan End, upande wa kusimama, hauna paa, na mvua ilitunyeshea kipindi kizima cha kwanza. Hata hivyo sikutamani kiti cha jukwaani. Kwenye televisheni ile sliotar, yaani mpira wenyewe, huioni vizuri, inapita kama nzi. Ukisimama nyuma ya goli unaisikia: fimbo mbili za mti wa ash zinagongana, ko!, watu wote wanashika pumzi, kisha maelfu wanalipuka kwa mara moja. Mwanangu alinishika mkono, na kwa umri wake siku hizi hanishiki mkono mbele za watu.

Chipsi tulizonunua njiani zilikuwa baridi na laini kama uji. Kuleni kabla ya kutoka nyumbani.

Mapumziko, mzee aliyesimama kando yetu alimwuliza mtoto kama anamjua Semple. Akajibu, "Ni uwanja." Mzee akainama mpaka nyuso zao zikalingana, akamhadithia. Semple alizaliwa Drombane mwaka 1879, akaja Thurles, akafanya kazi reli. Ubingwa wa Ireland nzima aliutwaa 1900 akiwa mchezaji, kisha 1906 na 1908 akiwa nahodha, akiongoza vijana wa Thurles walioitwa Blues. Siku hizo kila timu ilikuwa na watu 17 uwanjani, leo ni 15. Fainali ya 1906 waliifunga Dublin 3-16 kwa 3-8. Kwa mgeni, namba ya kwanza ni mabao, na kila bao ni pointi tatu. Ya pili ni mipira iliyopita juu ya mwamba wa goli, pointi moja moja. Piga hesabu: 25 kwa 17. Ya 1908, Dublin hao hao, iliisha sare ikabidi irudiwe.

Lakini kilichonigusa mimi si makombe. Mwaka 1910 uwanja huu, enzi hizo ukiwa viwanja vya maonyesho, ulitangazwa kuuzwa. Wapenzi wa mchezo mjini waliununua kwa pauni 900, wakauza hisa kwa wenyeji ili deni lilipike, na Semple alikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Nahodha anayeshinda wapo wengi. Huyu alihakikisha watoto wa wenzake watakuwa na pa kuchezea, tena pao wenyewe. Alifariki 1943, jina lake likapewa uwanja baadaye kabisa, 1971. Fainali ya mwaka wa mia wa chama cha michezo ya Kigaeli, 1984, ilichezwa hapa, Cork na Offaly, badala ya jijini Dublin kama kawaida. Na ndivyo ilivyostahili, maana chama chenyewe kilizaliwa mji huu huu, katika hoteli ya Hayes.

Nyota tano, na nitarudi. Chukueni koti la mvua, na mtoto mdogo mbebeni mabegani, la sivyo ataona migongo tu.

Kwenye treni ya kurudi mkaguzi alipita akiangalia tiketi. Mwanangu, fimbo yake mapajani, alimtazama kutoka viatu mpaka kofia, kisha akamwuliza anacheza namba ngapi.