Bucha ya Mbuyuni iliyotuandalia Krismasi ya watu wanne

Desemba familia nyingi za Kichagga hupanda kijijini na kuchinja mbuzi. Sisi tunaobakia Moshi mjini, tukiwa wanne tu nyumbani, hatuwezi kumaliza mbuzi mzima, wala jokofu letu halina nafasi ya kumhifadhi. Ndiyo maana naisifu kwa dhati bucha moja ndogo iliyo karibu na soko la Mbuyuni, ambayo humpimia mteja kiungo anachokihitaji, na nyama yake huning'inizwa ikiwa na muhuri wa mkaguzi.

Kilichonivutia zaidi ni ukataji wao. Mifupa hukatwa kwa msumeno wa umeme, si kwa shoka juu ya gogo, na faida yake huonekana kwenye mtori. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa huchemshwa mpaka ilainike, ndizi mshare na vitunguu vikaivia katika supu hiyo hiyo, kisha mifupa huondolewa na ndizi hupondwa kwa mwiko. Mfupa uliopasuliwa kwa shoka huacha vijipande vyenye ncha ambavyo vikishazama katika mtori mzito havionekani tena, na mwenye watoto wadogo anaelewa hatari yake. Kidari nilichonunua hapa kilikuwa na mikato iliyonyooka, na nilipoponda ndizi mwiko haukugonga chochote kigumu.

Kwa upande wa mbuzi, muuzaji aliniuliza kwanza kama nitachoma au nitapika mchuzi. Nilipomweleza kuwa ni vyote viwili, alinishauri nichukue mbavu za kuchoma na shingo ya mchuzi, akaacha mafuta kiasi juu ya mbavu ili zisikauke motoni. Ushauri huo ulikuwa sahihi kabisa.

Damu hawauzi, kwa hiyo anayetaka kisusio, ile supu ya Kichagga yenye damu ya mbuzi, hatakipata kwa njia hii, na kwangu hilo ni pengo la kweli katika meza ya Krismasi. Vilevile nyama hufungwa kwa gazeti, ambalo hulowa na kuganda kwenye nyama kabla hujafika nyumbani. Ni vyema kwenda na bakuli lenye mfuniko. Bei ya mbuzi iko juu kidogo kuliko ya bucha za jirani, nami nailipa bila kinyongo kwa sababu ya msumeno ule. Anayetaka mbavu aagize mapema, kwani asubuhi ya tarehe 24 nilikuta zimebaki chache sana.