Uzoefu wangu na Life on the Lagoons, kitabu cha 1884: kisome kwa jicho la mtu anayejua bamvua

Kitabu hiki cha Horatio F. Brown kilitoka London mwaka 1884. Huwekwa rafu moja na vitabu vya safari, na wengi hukifungua wakitafuta majumba na makanisa ya Venice. Hukifunga mapema, maana kinaanza na matope. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Kinaanza na maji, na mengine yote, vyombo, vivuko, mafuriko, matanga, yanazaliwa humo. Brown alizaliwa Nice mwaka 1854 katika familia ya Kiskoti, akahamia Venice 1879, na akafanya kazi miaka mingi katika nyaraka za kale za mji ule. Ni nadra kumpata mtu anayesoma hati za karne nyingi zilizopita na papo hapo anajua kushika kasia.

Msomaji wa pwani yetu ana faida hapa, maana maneno ya maji anayo tayari. Ila arekebishe vipimo viwili kichwani kabla ya ukurasa wa kwanza.

Cha kwanza ni kimo cha maji. Bamvua, yaani kujaa na kupwa kukubwa kwa mwezi mpya na mwezi mpevu, la Mombasa au Unguja huweza kupanda na kushuka zaidi ya mita 3. La Venice ni kama mita 1 tu. Usidhani kwa hiyo kwamba ni jambo dogo. Laguna, yaani yale maji ya chumvi yasiyo na kina yanayouzunguka mji, ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 550, na wastani wa kina chake ni karibu mita 1. Sentimita 30 zinaamua kama chombo kitapita au kitakaa juu ya tope hadi maji yarudi. Ndiyo maana njia za vyombo zimewekewa nguzo za mwaloni zilizofungwa pamoja, ziitwazo bricole. Ukitoka nje ya nguzo hizo, umekwama. Kwa istilahi: velme ni kile tunachokiita wangwa, tope linaloonekana maji yakipwa. Barene ni vichanja vya udongo vyenye majani ya chumvi, ambavyo maji huvifunika wakati wa bamvua tu. Ghebi ni vijito vinavyopenya humo.

Cha pili ni chanzo cha mafuriko. Huku kwetu tunautazama mwezi. Kule mwezi peke yake hauleti balaa. Upepo wa sirocco ukivuma kutoka kusini-mashariki, unasukuma maji ya Adriatiki, bahari ndefu na nyembamba, hadi yanarundikana pembe ya kaskazini ambako Venice ipo. Upepo huo ukikutana na bamvua, mji ulikuwa unazama, kabla ya vizuizi vya milango ya bahari kuanza kuinuliwa 2020. Maji hayaji kwa mawimbi. Hupanda kimyakimya kupitia matundu ya mifereji na katikati ya mawe ya sakafu, na uwanja wa San Marco hutangulia kwa kuwa uko chini. Sura ya mafuriko ni fupi, lakini ukiisoma huku unajua hayo utaelewa kwa nini wenyeji wanautazama upepo kabla ya kalenda.

Sasa jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Laguna ina milango mitatu ya bahari: Lido, Malamocco na Chioggia. Maji yakijaa, kila mlango unajaza beseni lake, na kati ya beseni na beseni kuna mstari ambapo maji ya pande mbili yanakutana na kusimama. Mtu akitoka Lido kuelekea kusini maji yakijaa, mkondo unambeba hadi kwenye mstari huo. Akiuvuka maji bado yanajaa, mkondo unamgeukia usoni. Dawa ni kupanga safari ufike kwenye mstari maji yakiwa yamejaa pomoni, kisha kupwa kukubebe upande wa pili. Mabaharia wa Lamu waliozoea kungoja maji yajae ndipo wapite mlango mwembamba wa Mkanda wataona jambo la nyumbani kabisa.

Ramani ya leo itakudanganya kidogo. Kuta za mawe za mlango wa Lido zilianza kujengwa 1882, kwa hiyo Brown aliandika mlango ule ukiwa bado haujabanwa. Mfereji mkubwa wa meli za mafuta kutoka Malamocco ulichimbwa miaka ya 1960 na umebadilisha mikondo. Tena, vipimo vya maji vya Venice vinahesabiwa kutoka sifuri iliyowekwa 1897, kwa hiyo usichukue kimo chochote cha kabla ya hapo ukakilinganisha moja kwa moja na sm 194 za mafuriko ya Novemba 1966 au sm 187 za yale ya Novemba 2019.

Sura ya gondola ndiyo ninayoirudia zaidi. Chombo kina urefu wa karibu mita 11 na upana wa mita 1.4 hivi, hakina mkuku unaoshuka majini, na mpiga kasia husimama tezi, yaani nyuma ya chombo, akitazama mbele, kasia lake likiwa upande wa kulia peke yake. Hapo ndipo penye shida ya kiufundi. Ukisukuma kasia upande wa kulia, omo, yaani mbele ya chombo, inakwenda kushoto. Mkono wa kurudi, kasia likiwa bado majini, ndio unaoinyoosha omo irudi kulia. Kusukuma huitwa premer, kurudisha huitwa stalir, na kutoka humo zimetoka kelele za kwenye kona: “premi” ni kwenda kushoto, “stali” ni kwenda kulia. Ukiyashika mawili haya, hutapotea katika maelezo ya mashindano ya makasia.

Kasia halifungwi kwa kishwara. Linaegemea forcola, gogo la mti wa walnati lililochongwa mabega na mapengo, kila pengo na kazi yake: kuondoka, kwenda mbio, kugeuka, kurudi nyuma. Usitafute kitabuni ule upogo mkubwa wa gondola za leo, ambazo ubavu wa kushoto umeuzidi wa kulia kwa sm 24 ili kupambana na msukumo wa kasia. Anayetajwa kwa kuukamilisha ni fundi Domenico Tramontin, na karakana yake ilifunguliwa 1884, mwaka uleule wa kitabu. Kwa upande mwingine, felze, kibanda cheusi cha kuwekwa na kuondolewa, kilikuwa bado kinatumika, leo hakipo.

Sura ya vivuko, traghetti, ni nzito na inahitaji subira. Kila kivuko kilikuwa na chama, kiongozi aitwaye gastaldo, na kitabu cha sheria kiitwacho mariegola: zamu, faini, msaada kwa mgonjwa na kwa mazishi. Isome pamoja na sura ya benki ya wapiga kasia. Aliyewahi kuwa katika kikoba ataisoma kwa haraka na kwa furaha. Kumbuka boti za mvuke za abiria zilianza 1881, na wapiga kasia wakagoma mwaka huohuo, hivyo kila senti inayotajwa ina hofu nyuma yake.

Udhaifu upo. Brown anampenda mpiga kasia, Antonio Salin wake hasa, lakini anaandika kama bwana aliyekodi chombo. Umaskini unapakwa rangi nzuri kupita kiasi. Na maneno ya Kiveneti yamejaa kote.

Kuhusu nakala: haki za uchapaji zimekwisha, na skani zimo bure katika Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Pakua picha za kurasa, usichukue maandishi yaliyosomwa na mashine. Mashine hukosea zaidi pale penye Kiveneti, hubandika vichwa vya kurasa katikati ya sentensi, na kuacha maneno yaliyokatwa mwisho wa mstari yakiwa vipande viwili. Vitabu vya kuchapwa kwa oda mara nyingi vimetengenezwa kutokana na maandishi hayohayo mabovu. Kabla ya kulipa, omba kuona kurasa mbili tatu za sura ya traghetti.

Ukiwa na muda wa sura nne tu, soma laguna, gondola, mafuriko, kisha matanga. Hiyo ya mwisho inahusu tanga linaloitwa al terzo, kwa kuwa foromali yake, ule mti unaolishika tanga, hutundikwa kwenye theluthi ya urefu wake, na rangi zake za udongo mwekundu na wa manjano ambazo kila familia ya wavuvi ilizipanga kwa alama yake, ili chombo kitambulike kikiwa bado mbali na mlango.